Magari ya sloti ya retro: kwa nini aliyeonekana mbele si lazima awe mshindi

Huenda umeshakutana na video za mashindano ya magari haya kwenye simu. Ukumbi mpana, barabara ya mbao yenye njia nane imejikunja kutoka ukuta hadi ukuta, watu wazima wamejipanga pembeni kila mmoja ameshika kitu mfano wa bastola chenye waya, na vigari vyenye sura ya magari ya mashindano ya miaka ya 1960 vinakatiza kwa kasi ambayo jicho linaifuata kwa shida. Maswali yanayofuata huwa yale yale. Haya ni magari ya rimoti? Mbona hakuna anayekata usukani? Kwa nini kabla ya kuanza wamebishana weee juu ya tairi? Na lile linalowachanganya wengi zaidi: mbona yule tuliyemwona mbele kwa macho yetu ametangazwa wa tatu?

Majibu yamo kwenye kanuni. Ukizisoma moja moja, kanuni za retro zinaonekana ni visa vya watu wasio na kazi. Ukizisoma pamoja unagundua kwamba karibu zote zina shughuli moja: kuchagua kipindi ambacho teknolojia itaambiwa ikome hapo, isivuke. Tutalifikia hilo, lakini tuanze na gari lenyewe.

Gari lisilo na betri wala usukani

Gari la sloti ni gari dogo la umeme linaloongozwa na mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye njia yake. Mfereji huo ndio sloti. Chini ya pua ya gari kuna kibao chembamba cha plastiki kinachozama ndani ya mfereji; wachezaji hukiita gaidi, kutoka neno la Kiingereza guide, mimi hapa nitakiita kiongozi ili tusiogopeshane. Kila upande wa mfereji umelazwa utepe wa metali unaopitisha umeme, na kila upande wa kiongozi kuna brashi ya waya laini uliosukwa inayosugua utepe wake. Umeme unapanda kupitia brashi moja, unazungusha mota, unarudi kupitia ya pili. Volti zenyewe ni kama 12 hivi, au zaidi kidogo kutegemea uwanja. Gari halibebi betri na halina mawasiliano yoyote ya redio.

Kwa hiyo dereva anaendesha nini? Anaendesha kiasi cha umeme. Kile kibastola mkononi ni kontrola: ukivuta kifyatulio, mota inapata umeme zaidi, ukiachia, unapungua. Ila kuachia hakukati umeme tu. Kontrola inaziunganisha ncha mbili za mota, na mota inayoendelea kuzunguka bila kulishwa inageuka jenereta inayojipinga yenyewe, hivyo gari linafunga breki. Kwenye viwanja vingi vya Marekani kontrola huja na klipu tatu za kubana mezani: nyeupe inaleta umeme, nyeusi inaupeleka kwenye njia, nyekundu ni ya breki. Ukiwa na kontrola ya kizamani, ukabadilisha nyeupe na nyekundu kwa bahati mbaya, gari litachomoka kwa nguvu zote wakati kidole chako hakijagusa chochote. Kontrola ya kielektroniki ikifanyiwa hivyo inaweza kuungua kabisa.

Hapa ndipo inapoanguka dhana ya kwanza, kwamba mfereji unafanya kazi yote na dereva anabonyeza tu. Mfereji unaonyesha uelekeo, haushiki gari. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, mkia unatupwa nje, kiongozi anachomoka, gari linaruka. Ukiingia taratibu mno, watu wanakupita. Kati ya hayo mawili pana nafasi ndogo sana, nayo inabadilika kadiri tairi zinavyopata joto, vumbi linavyokusanyika na mota inavyochoka. Dereva mzuri huachia kifyatulio mapema kuliko mgeni anavyotarajia, kisha anakirudisha kabla gari halijamaliza kona, ili nguvu ya mota iubane mkia usizidi kutoka. Usukani haupo, lakini kazi ya dereva ipo tele.

Kuhusu ukubwa, vipimo viwili ndivyo vinavyotajwa mara nyingi. Kipimo cha 1/32 kimezoeleka majumbani na kwenye klabu nyingi za Ulaya. Gari halisi la mita 4.2 linakuwa la sentimita 13 hivi. Kipimo cha 1/24 ndicho cha viwanja vikubwa vya kibiashara vya Marekani, na gari hilo hilo linafikia sentimita 17.5. Kuna na vidogo zaidi vya kuweka mfukoni, vyenye mashabiki wake na kanuni zake, ila tuviache.

Retro si mitumba

Neno hili ndilo linalopotosha kuliko yote. Mtu akisikia mashindano ya retro anadhani magari yametolewa stoo yakiwa na kutu ya miaka hamsini. Mengi yamejengwa juzi. Ni muhimu kutenganisha vitu viwili: mashindano ya magari ya kale, ambamo gari au angalau sehemu zake kuu lazima ziwe zimetengenezwa enzi zile, na mashindano ya retro, ambamo gari ni jipya lakini limejengwa kwa ramani na desturi za enzi zile. Chasisi imeungwa kwa mkono kwa lehemu, mota imelazwa kama ilivyokuwa ikilazwa, bodi ina umbo la gari lililokimbia kweli wakati huo. Umri unaoangaliwa ni wa ubunifu. Tarehe ya kutengenezwa kwa chuma haiangaliwi.

Kuna na aina ya tatu inayowachanganya hata baadhi ya washiriki: mashindano ya uwakilishi. Mjenzi anatengeneza gari, analifunga kwenye boksi na kulituma kwa posta. Linazunguka klabu hadi klabu, likiendeshwa na wenyeji wa kila uwanja, na matokeo yanajumlishwa. Mjenzi anaweza kushinda bila kushika kontrola hata siku moja. Hayo yanapima fundi peke yake, na mara nyingi hutumia magari ya mtindo wa kale, ndiyo maana watu huyaweka kapu moja na retro.

Enzi zile kulitokea nini

Michezo ya aina hii ilikuwa ikichezwa na klabu za wapenda modeli huko Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1957 Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, aliyekuwa akitengeneza vigari vya bati vya kuendeshwa kwa springi vilivyoitwa Scalex, alivitia mota ya umeme na kuvionyesha kwenye maonyesho ya vinyago ya Harrogate. Jina likawa Scalextric. Huo ulikuwa upande wa nyumbani.

Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 zilifunguliwa kumbi za kibiashara ambako mtu alilipia muda wa kukimbiza gari kwenye njia kubwa za mbao. Kampuni kama Revell, Monogram na Cox zikaingia sokoni kwa nguvu. Mota ndogo za Mabuchi kutoka Japani zikawa malighafi ya mafundi, waliozifungua, wakafumua waya wa ndani na kuukunja upya ili zizunguke kwa kasi zaidi. Uwanja uliopata jina kuliko vingine ni ule wanaouita Blue King: njia nane, mzunguko wa futi 155, yaani mita 47 na kidogo.

Kisha, kuelekea mwisho wa muongo ule ule, kumbi zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inawahusu waandishi wa kanuni moja kwa moja. Gari ulilonunua likiwa la kasi lilipitwa na wakati ndani ya kipindi kifupi. Kila mara kulikuwa na mota mpya, sumaku mpya, chasisi mpya. Mtoto aliyekusanya fedha zake akanunua gari la dukani alikuja ukumbini akakuta fundi mwenye gari la kujiundia anampita mara mbili kila dakika. Akienda nyumbani, harudi.

Waliobaki hawakupunguza mwendo. Karibu mwaka 1968 mota ikaanza kulazwa kimshazari kuelekea ekseli ya nyuma badala ya kunyooka katikati ya chasisi, na uzito ukashuka chini, gari likakaa vizuri zaidi kwenye kona. Baadaye bodi zikawa vipande vyembamba vya plastiki vilivyobanwa kukaribia ardhi, na kuta pembeni za kukamata hewa. Magari ya kasi ya leo ya ukoo huo yanamaliza mzunguko wa Blue King chini ya sekunde mbili. Ni ufundi wa kutisha. Ila ukiwauliza wapita njia hicho kinachokimbia ni nini, wachache watasema ni gari.

Retro ni jibu la watu waliochoka na hali hiyo. Katika muongo wa 2000 kundi la D3 la kusini mwa California lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuandika kanuni za kurudisha sura na mwendo wa zamani, na chama cha International Retro Racing Association, kwa kifupi IRRA, kikazisambaza kanuni za namna hiyo kwenye viwanja vingi vya Marekani. Ulaya nako, hasa kwenye kipimo cha 1/32, klabu zina madaraja yao ya magari ya kale, kila moja na kitabu chake cha kanuni.

Kila kanuni ina mjanja wake

Sasa tunaweza kuzisoma kanuni kwa akili. Nyuma ya kila kifungu kinachoonekana cha ajabu, kuna mtu aliyewahi kupata mwanya.

Chukua bodi. Madaraja hufungwa na historia ya magari halisi. Daraja la Can-Am, kwa mfano, linachukua maumbo ya magari ya mfululizo wa mashindano ya Kanada na Marekani uliokimbia kati ya 1966 na 1974. Daraja la Formula 1 linaweza kuishia kwenye magari yasiyo na mabawa, kwa sababu mabawa yalianza kuonekana kwenye Formula 1 mwaka 1968. Wengine hutenga daraja la 1961 hadi 1965, enzi za injini za lita 1.5, magari membamba mfano wa sigara. Mgeni anaona ni mapenzi ya historia tu, na kweli mapenzi yapo. Lakini bawa kwenye kigari cha plastiki nyepesi linakandamiza kweli, hewa haijali kwamba gari ni dogo. Ukiruhusu bawa moja, kesho kutwa umerudi kwenye vile vipande vya plastiki visivyojulikana ni nini. Ndiyo maana pia kanuni hudai gari liwe na dereva aliyepakwa rangi, namba za mashindano, magurudumu yanayoonekana, na bodi isikatwe chini kupita mstari fulani.

Mota ndiyo iliyoleta balaa zamani, kwa hiyo ndiyo inayobanwa zaidi leo. Kanuni hutaja aina chache zilizoidhinishwa, zinazouzwa zikiwa zimefungwa, na kuifungua ni kosa linalokuondoa mashindanoni. Baadhi ya waandaaji huenda mbali zaidi: mota zinatolewa pale pale kwa bahati nasibu, unafumba macho unachukua, unaiweka kwenye gari mbele ya watu, na mwisho wa siku unairudisha. Ujanja wa kununua mota ishirini ili upate moja yenye baraka unakufa hapo.

Mota karibu kila mara lazima ilazwe kwa kunyooka, ikiendesha ekseli kwa giya ya taji yenye meno pembeni. Sasa unajua sababu: kimshazari ndiyo hatua iliyoanza kuliondoa gari kwenye enzi yake. Chasisi nayo inatakiwa iwe ya shaba ya njano na waya wa chuma kigumu, iliyoungwa kwa lehemu. Hapo fundi ana uwanja mpana. Anaweza kuacha sehemu za pembeni ziwe na mchezo kidogo zikitikisika peke yake, ili gari linywe mitetemo ya kona badala ya kuruka. Anaweza kuongeza vipande vya madini ya risasi pembeni ili kuongeza uzito, au kuvihamisha mbele. Magari mawili yanayotii kanuni hizo hizo yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaodai kwamba kanuni kali zimeua ubunifu. Zimeutoa kwenye pochi, zikauweka kwenye ncha ya chuma cha lehemu.

Sumaku zinahitaji neno la peke yake. Magari mengi ya dukani ya miaka ya karibuni yana sumaku chini ya tumbo inayovuta utepe wa njia na kuligandisha gari kwenye kona. Kwa mtoto anayeanza ni msaada mkubwa. Kwa retro ni marufuku, na kwa haki: gari lenye sumaku halitelezi hata kidogo hadi linapoachia ghafla na kuruka, dereva hapewi onyo. Lisilo na sumaku linakuonyesha mkia unavyoanza kuteleza, ukiwa makini unawahi. Sumaku iliyo ndani ya mota ni suala lingine, hiyo lazima iwepo ndipo mota izunguke. Watu huchanganya hizi mbili mara kwa mara.

Tairi nazo zina kipimo cha chini cha kimo na cha juu cha upana, na wakati mwingine huwa za aina moja tu kwa wote. Mabishano ya tairi yanayoonekana kwenye video yanatokana na jambo rahisi: tairi ndogo zinashusha gari zima, na zinavyozidi kulika ndivyo gari linavyokaribia ardhi. Mtu akianza na tairi iliyo kwenye mpaka kabisa, katikati ya siku yuko chini ya mpaka. Je, kipimo ni cha kuanzia au cha kumalizia? Kitabu kizuri kinasema waziwazi. Kitabu kibaya kinanyamaza, na hapo ndipo sauti zinapopanda.

Mezani kwa mkaguzi

Ukifika mapema utaona sehemu ambayo watazamaji huikosa. Mkaguzi ana kipande cha chuma kilichonyooka barabara chenye mfereji wake. Analiweka gari juu, kiongozi anazama, anaangalia kama magurudumu yanayotakiwa kugusa yanagusa. Kisha anapitisha bamba jembamba chini ya chasisi, mara nyingi la unene wa milimita moja au zaidi kidogo. Likipita bila kukwaruza, gari lina nafasi ya kutosha. Likikwama, mwenye gari anarudi mezani kwake. Nafasi hiyo haipo kwa ajili ya urembo. Giya ya nyuma ndiyo inayoning'inia chini zaidi, na ikigusa utepe wa umeme inaukwangua au kuunyanyua, siku ya kila mtu ikaharibikia hapo.

Upana unapimwa kwa kulipitisha gari katikati ya kuta mbili zisizosogea. Bodi inaangaliwa kwa juu: tairi zisichungulie nje pasiporuhusiwa. Mota inageuzwa kutazama kama vikunjo vya kufungia vimeguswa. Ikipita yote, gari linawekwa kwenye meza ya pamoja, na kuanzia hapo mwenyewe haruhusiwi kuligusa. Ni rumande, tuseme ukweli, ingawa gari halijakosa. Sehemu nyingi pia hutoa tuzo ya gari lililopendeza zaidi kabla ya mbio kuanza, wakati rangi bado haijachubuka.

Nani anakimbia lini, na ushindi unahesabiwaje

Asubuhi kuna mbio za kupanga nafasi. Kila dereva anakimbia peke yake kwenye njia ile ile kwa muda mfupi, na mzunguko wake wa haraka kuliko yote ndio unaohesabika. Wakiwa wengi kuliko njia zilizopo, wanagawanywa kwa makundi: wenye kasi kundi la juu, wanaofuata la pili, na kuendelea. Kundi la chini ndilo linaloanza, na mara nyingi mshindi wake anapandishwa kwenda kujaribu bahati kwenye kundi la juu yake.

Ndani ya kundi, kila dereva lazima akimbie kwenye kila njia. Njia hazilingani. Ya nje kabisa ni ndefu na kona zake ni pana, ya ndani ni fupi na kona zake zinabana, na zile mbili za pembezoni zina ukuta au ukingo jirani unaoadhibu kosa. Timu za mpira hubadilishana magoli kipindi cha pili ili upepo na jua visimpendelee mmoja; hapa wanabadilishana mara saba. Njia hutambulika kwa rangi, na mpangilio uliozoeleka Marekani ni nyekundu, nyeupe, kijani, chungwa, buluu, njano, zambarau na nyeusi. Gari linabandikwa stika ya rangi ya njia yake ili msimamizi asilirudishe pasipo pake.

Utaratibu wa kuhama nao una hesabu yake. Wangehama kutoka 1 kwenda 2, 3, 4 hadi 8, aliye njia ya nane angelazimika kuvuka meza nzima kurudi ya kwanza. Badala yake wanapanda kwa njia za witiri na kushuka kwa za shufwa: 1, 3, 5, 7, kisha 8, 6, 4, 2. Hakuna anayesogea zaidi ya njia mbili kwa mara moja.

Kila awamu ina muda maalumu, tuseme dakika tatu. Muda ukiisha umeme unakatwa, magari yanasimama yalipo, na dakika moja au mbili baadaye kila gari linahamishiwa njia inayofuata likianzia pale pale lilipoishia. Kompyuta, kupitia vihisi vilivyowekwa kwenye njia, imekuwa ikihesabu mizunguko ya kila mmoja. Mwisho wa awamu zote nane mizunguko inajumlishwa, na sehemu ya mzunguko iliyobaki inasomwa kwenye alama za pembeni.

Sasa turudi kwa yule aliyekuwa mbele akatangazwa wa tatu. Chukulia dereva A ni moto kwenye njia nne anazozipenda: mizunguko 38 kila moja. Kwenye nne nyingine anaruka mara kwa mara, anapata 33 kila moja. Jumla 284. Dereva B hajawahi kuongoza kwa kishindo, lakini anapata 36 kwenye njia zote nane. Jumla 288. B amemshinda A kwa mizunguko minne, ingawa mtazamaji aliyepita ukumbini wakati wa zile awamu nne angeapa kwamba A hana mpinzani. Zaidi ya hayo, aliye mbele kimwili kwenye barabara anaweza kuwa nyuma kwa mizunguko miwili ya jumla. Bila kutazama skrini, macho pekee hayatoshi.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini wakongwe hawashabikii mwendo wa kufa na kupona. Gari likiruka, kulirudisha kunachukua sekunde kadhaa. Kwa mzunguko wa sekunde tano, kila kuruka ni karibu mzunguko mzima umekwenda na maji.

Na nani analirudisha? Washindani wenyewe. Ambaye hakimbii kwenye awamu hiyo anasimama konani kama msimamizi, kwa zamu, na anayekwepa zamu anaweza kukatwa mizunguko. Kwanza anaondoa gari linaloziba njia ya wengine, kisha anarudisha yaliyoanguka, bila kuangalia ni la rafiki au la adui. Harekebishi gari. Likivunjika linapelekwa kwa mwenyewe au fundi wake, na saa inaendelea kuhesabu wakati wanahangaika. Umeme unakatwa katikati ya awamu kwa sababu chache tu: gari limekwama pasipofikika, limeingia njia ya mtu mwingine na linakimbia humo, au kuna hatari kwa mtu. Kuruka peke yako kwenye njia yako si sababu, hata ukipiga kelele namna gani.

Kasi ya karatasini

Kuna takwimu moja inayopendwa sana na naomba isiendelezwe. Gari linalomaliza mita 47 kwa sekunde tano linakwenda karibu kilomita 34 kwa saa. Mtu anachukua namba hiyo, anazidisha kwa 24 kwa kuwa gari ni 1/24, anapata kama kilomita 810 kwa saa, anatangaza kwamba kigari kina kasi kuliko Formula 1. Hesabu ni sahihi, maana haina. Urefu umegawanywa kwa 24, lakini mvutano wa dunia haukugawanywa, wala mshiko wa mpira, wala hewa. Kinacholinganishwa ni vitu visivyolinganishika. Tosheka na muda wa mzunguko, ndio wanaoutumia wenyewe.

Nani ana neno la mwisho

Hakuna serikali moja ya retro duniani. Kanuni za IRRA zinatumika pale wenye uwanja walipozikubali. Kwingine klabu ina za kwake, na gari halali la hapa linaweza kukataliwa pale kwa sababu ya chapa ya tairi. Anayetaka kujenga gari la kwanza asome kitabu cha uwanja atakaokimbia, aulize orodha ya mota na bodi zilizoidhinishwa mwaka huo, kabla hajanunua hata skrubu. Klabu nyingi zitamwazima gari la kujaribia.

Malalamiko hupokelewa siku ile ile na hukaguliwa kwenye gari lenyewe kabla halijatoka kwenye meza ya pamoja. Magari ya washindi mara nyingi hukaguliwa tena baada ya mbio, na hapo tairi iliyolika inaweza kumgharimu mtu nafasi.

Mvutano uliopo sasa ni mwingine, na kwa maoni yangu ndio wa kuvutia zaidi. Mafundi wa leo wana jigi za kunyoosha chasisi, mota zinazofanana, mpira bora wa tairi na kontrola za kielektroniki. Matokeo yake magari ya retro, ndani ya kanuni, yamekuwa na kasi kuliko yale ya miaka ya 1960 yanayoyaiga, na bado yanapanda. Wapo wanaotaka mota dhaifu zaidi na tairi ngumu zaidi ili mwendo urudi chini. Wapo wanaosema waliokwisha kununua vifaa wasisumbuliwe. Kila kanuni mpya ya kupunguza kasi inalifanya gari la jana kuwa takataka, na kumbi za zamani ziliwapoteza wateja wake kwa njia hiyo hiyo, ingawa huko chanzo kilikuwa kuongeza kasi. Baadhi ya waandaaji wameamua kuacha daraja lililopo kama lilivyo na kuanzisha lingine la polepole kando yake, kila mtu achague.